Barua ya wazi: Pesa za mafuriko zifike udongo ukiwa bado na unyevu

Kwa Waziri wa Kilimo na Ustawi wa Mifugo, Kilimo House;
Kwa Waziri wa Hazina ya Taifa, Harambee Avenue;
Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Magavana;
Kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Tana River.

Nakala: Mdhibiti wa Bajeti, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Nairobi

Waheshimiwa,

MINT: MALIPO YA DHARURA KWA WAKULIMA WALIOPOTEZA MAZAO

Maji ya Mto Tana yakisharudi kwenye mkondo wake, nyuma yake hubaki tope laini lenye rutuba na unyevu wa kuotesha mbegu bila mvua. Unyevu huo haudumu. Mkulima ana kama wiki mbili, akibahatika tatu, kabla jua halijalikausha tope na kulipasua nyufa za kuingia kidole. Akipata kilo 6 hadi 8 za mbegu ya ndengu ndani ya muda huo, anapanda ekari moja, na baada ya siku 60 hadi 70 anavuna cha kula na cha kuuza. Akikosa, shamba linalala hadi msimu mwingine, na mwenye shamba anangoja chakula cha msaada.

Mbegu alizokuwa ameweka akiba zimekwenda na maji pamoja na ghala. Shilingi elfu chache katika wiki hizo mbili zinamfaa kuliko shilingi elfu nyingi baada ya miezi minne. Ombi letu lote limesimama hapo. Malipo ya dharura yapangwe kwa kalenda ya shamba, kisha kalenda ya ofisi iifuate.

Tunaoandika ni wapima hasara za mazao, maafisa wa ugani na wahasibu wanaoshughulikia malipo ya aina hii. Tunaitaja Tana River kwa sababu huko tatizo linaonekana waziwazi, lakini mengi tunayosema yanahusu pia Budalang'i, Nyando na Mwea.

Tuanze na tarehe. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na mto huvunja kingo zake mara nyingi Aprili na Mei. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Kwa hiyo hasara hutokea katika wiki za mwisho za mwaka wa fedha, wakati vifungu vya bajeti vimekwisha au vimefungiwa kazi nyingine. Maafisa hupima Juni, orodha hukamilika Julai, na kiasi kilichokuwa kimetengwa huwa kimekwisha muda wake. Faili inaanza upya katika bajeti nyingine. Mafuriko ya vuli nayo huja Novemba na Desemba, kisha kila mtu husubiri bajeti ya ziada, na inapopita wakulima wameshaanza kulima mashamba ya masika. Ukichukua misimu yote miwili, njia ya kawaida ya bajeti haina hata mlango mmoja unaofunguka wakati udongo una unyevu.

Sheria imeliona hilo zamani. Ibara ya 208 ya Katiba imeunda Hazina ya Dharura ya Taifa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na hazina yake ya dharura kwa idhini ya bunge la kaunti, na matumizi yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti kulingana na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba sheria hiyo inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kulipa kwanza, kisha apeleke malipo bungeni yaidhinishwe ndani ya miezi miwili. Haraka imeruhusiwa na sheria, ila haitumiki.

Kwa nini haitumiki? Sababu ya kwanza ni woga, na woga huo una msingi. Sheria inataka matumizi yawe ya dharura na yasiyotarajiwa. Mhasibu wa kaunti anajiuliza: mto uliofurika mwaka 1961, 1997, 2018, 2023 na 2024, na Idara ya Hali ya Anga pale Dagoretti Corner ikatoa tahadhari kabla ya mvua, nitamwambiaje mkaguzi kwamba sikuutarajia? Tena kipengele cha hazina ya kaunti kinazungumzia madhara ya kiwango kidogo yaliyo ndani ya kaunti husika. Mto Tana ukifurika hupita Garissa kabla ya kufika Hola na Garsen. Kaunti inasema hili ni la taifa; Nairobi inasema kilimo kimegatuliwa, hili ni la kaunti. Barua zinakwenda na kurudi, na tope linakauka.

Tunamwomba Waziri wa Hazina ya Taifa, pamoja na Mdhibiti wa Bajeti, atoe waraka mmoja kabla ya msimu ueleze kwa maneno mepesi: mafuriko yakifika kiwango fulani, malipo ya awali kwa wakulima yanatoka hazina gani, kwa saini ya nani, na hesabu zake zinafungwaje yakivuka mpaka wa kaunti. Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Afisa aliye na waraka huo mkononi atatia saini, lakini asipokuwa nao ataitisha kikao.

Sasa kuhusu namna ya kulipa. Kosa kubwa la utaratibu uliopo ni kutaka kila shamba lipimwe kabla hata shilingi moja haijatoka. Tunapendekeza malipo yagawanywe mara mbili, na kila awamu iwe na ushahidi wake.

Awamu ya kwanza iwe kiasi kimoja kwa kila kaya inayolima katika kijiji kilichofurika, ilipwe ndani ya siku 14, bila kuingia shamba lolote. Kiasi hicho kitoshe mbegu na kuandaa ekari moja tu, wala kisizidi hapo. Kitangazwe kabla ya msimu ili asiwepo wa kukibishania mafuriko yakishaingia. Mei 2024 serikali ilitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia ya hapa Nairobi iliyohamishwa kando ya mito, kwa hiyo kulipa kiasi kimoja kwa wote bila kuhesabu vyombo vya kila nyumba si jambo geni serikalini. Mkulima wa Garsen naye anaweza kulipwa hivyo, mradi tarehe ilingane na tope lake.

Ushahidi wa awamu hii ni wa eneo. Wa kwanza ni kina cha maji katika kituo cha kupimia cha Garissa kinachosimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kumbukumbu za miaka iliyopita zionyeshe kina ambacho mto ukikifikia mashamba ya chini huzama, na kina hicho kiandikwe kwenye waraka. Maji yakipita Garissa huchukua siku kadhaa kufika delta, mto unapokaribia bahari, kwa hiyo orodha inaweza kuanza kuandaliwa kabla wimbi halijafika. Ushahidi wa pili ni picha za rada za setilaiti, ambazo kituo cha kikanda cha ramani kilichopo Kasarani, RCMRD, kina uwezo wa kuzisoma. Rada hupenya mawingu, na hilo ni muhimu kwa sababu picha za kawaida siku za mafuriko huonyesha mawingu matupu. Picha za Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya ni za bure.

Lakini picha hizo zisomwe na mtu anayelijua eneo, kwa maana zina makosa matatu yanayojirudia. Setilaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku 12, kwa hiyo maji yaliyoingia na kutoka katikati ya siku hizo hayataonekana. Pili, rada huona vizuri maji yaliyo wazi, lakini maji yaliyo chini ya miembe na migomba huyakosa, na kwenye kingo za Tana hapo ndipo kuna mali ya miaka mingi. Tatu, shamba la mpunga lililojazwa maji kwa makusudi huonekana kama limefurika. Ndiyo sababu tunasema rada na kipimo cha mto viende pamoja na neno la naibu chifu na afisa wa kilimo wa wadi: viwili kati ya vitatu vikikubaliana, kijiji kinalipwa.

Utaratibu wa namna hii upo nchini tayari, na unafanya kazi. Mpango wa Hunger Safety Net, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, hulipa kaya maskini shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili katika kaunti za kaskazini, na Tana River iliongezwa baadaye. Ukame ukizidi, setilaiti inayopima hali ya majani hutoa alama, na alama ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya nyingine zilizokwisha kuandikishwa nazo hulipwa. Hapangwi foleni ya kuhesabu ng'ombe waliokufa. Kaya ziliandikishwa na akaunti zikafunguliwa kabla ya janga. Siku ya janga kazi ni kutuma pesa. Tunachoomba ni mafuriko yapewe njia kama hiyo.

Awamu ya pili ndiyo ya kupima shamba kwa shamba, na hapa haraka inaharibu kazi. Mahindi yaliyozama hayapimwi siku maji yanapotoka. Mmea ambao haujafikisha majani 6 hivi, moyo wake wa kukua bado uko chini ya udongo; ukikaa ndani ya maji siku mbili hadi nne unakosa hewa na kufa, na maji yakiwa ya vuguvugu hufa upesi zaidi. Mmea uliopita hapo, moyo wake ukiwa juu ya maji, unaweza kupona ingawa majani yote yamegeuka manjano. Umanjano huo mara nyingi ni naitrojeni iliyooshwa, wala si kifo. Afisa anayefika siku ya pili huandika asilimia 100 mahali ambapo nusu ya shamba itaamka, na anayefika baada ya mwezi hukuta magugu na kuandika kwamba hapakuwa na zao.

Wakati mzuri ni siku 5 hadi 7 baada ya maji kutoka. Kata mabua kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba na uyapasue kwa kisu kuanzia shina kwenda juu. Moyo ukiwa mweupe na mgumu, mmea uko hai. Ukiwa wa rangi ya kahawia, laini, wenye harufu, umekufa. Saba kati ya kumi wakiwa wamekufa, andika asilimia 70. Kazi hiyo huchukua dakika kumi kwa shamba, na mwenye shamba akiwa amesimama pale anaona kwa macho yake. Kwa kunde na maharagwe hakuna haja ya kisu. Siku mbili za maji kwenye mizizi kwa kawaida zinatosha kuyamaliza.

Kisha ukubwa wa shamba. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Mwenye hatua ya sentimita 75 akipima hivyo anapata mita za mraba 2,756, ambazo ni ekari 0.68. Mwenye hatua ya mita nzima anapata mita za mraba 4,900, ekari 1.21. Maafisa wawili waaminifu, mrefu na mfupi, wanatofautiana kwa zaidi ya nusu ekari kwa "ekari" ileile, na mkulima aliyepimwa na mfupi haoni ni kwa nini jirani yake kapunjwa au yeye kapendelewa. Simu yenye GPS inasaidia kwenye mashamba makubwa, ila isubiriwe hadi ionyeshe kosa lisilozidi mita 5 kabla ya kuandika kona, na chini ya miembe kosa huongezeka. Kwenye shamba la robo ekari, lenye upande wa mita 32, kosa la mita 5 upande mmoja ni karibu asilimia 16. Kwa hiyo shamba lolote lisilofika nusu ekari lipimwe kwa utepe wa mita 50. Tepe mbili kwa kila wadi si gharama ya kuzuia kazi. Kamba ya nailoni isitumike, kwa maana huvutika ikilowa.

Mahali ambapo maji yalipita upande mmoja na mahindi yamekaribia kukauka, pima mavuno yenyewe. Chagua kona, tumia namba za bahati nasibu kuhesabu hatua kwenda ndani, na hapo weka mraba wa mita 5 kwa 5, hata kama umeangukia mahali pabaya au pazuri kupita kiasi; afisa akianza kuchagua mahali, kipimo kimekufa. Vuna, pukuchua, pima uzito na unyevu. Mfano: kilo 6 zenye unyevu wa asilimia 25, zikigeuzwa kuwa za unyevu wa asilimia 13.5 wa ghalani, ni kilo 5.2. Zidisha kwa 161.9 upate kilo 842 kwa ekari, yaani magunia 9 na kidogo ya kilo 90. Aliyesahau kuondoa unyevu ataandika karibu magunia 11, na mkulima ataonekana amepata hasara ndogo kuliko aliyoipata. Tumeona fomu nyingi zisizo hata na nafasi ya kuandika unyevu.

Malipo ya awamu ya pili yafuate gharama zilizokwisha kuingia shambani kufikia siku ya mafuriko. Ekari ya mahindi hutaka kilo 10 za mbegu, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mwingine wa kilo 50 wa kukuzia. Mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko mwaka 2023, kwa hiyo kwa aliyeipata ruzuku hiyo si vigumu kuhesabu. Aliyefurika kabla ya palizi amepoteza mbegu, mfuko mmoja na kulima. Aliyefurika mahindi yakitoa mbelewele amepoteza hivyo vyote, mfuko wa pili na palizi mbili. Swali "mbolea ya kukuzia imeshawekwa?" liwe kwenye fomu. Vilevile mpaka wa "hasara isiyopungua asilimia 50" uondolewe. Mpaka huo humfanya kila afisa aandike 50, kwa huruma au kwa shinikizo, na takwimu zote zinakuwa za uongo. Wekeni ngazi nne, robo kwa robo, na kila ngazi ilipwe kadiri yake.

Miembe na migomba isiingizwe kwenye fomu ya mahindi. Embe la Tana linalouzwa katika soko la Marikiti linatoka kwenye mti uliotunzwa kwa miaka. Maji yakikaa wiki kadhaa mizizi huoza, na mti unaweza kufa polepole miezi baada ya mafuriko, wakati ambapo hakuna tena anayepima. Mwembe wa kupandikiza huchukua miaka 3 hadi 5 kuanza kuzaa vizuri. Mgomba mpya hutaka karibu mwaka. Basi miti ihesabiwe mara mbili, maji yanapotoka na tena baada ya miezi sita, na malipo yake yahesabu miche pamoja na misimu itakayopotea.

Na pampu. Mashamba mengi ya umwagiliaji ya watu binafsi kando ya mto yana pampu ndogo ya dizeli, na ikifunikwa na tope, mwenye haraka huivuta na kujaribu kuiwasha. Maji yaliyo ndani ya silinda hayabanwi kama hewa; konrodi, yaani mkono wa pistoni, hupinda au kuvunjika, na pampu ambayo ingeokolewa kwa kusafishwa na kubadilishwa oili sasa inataka injini. Ilitakiwa kwanza kutoa nozeli ya kupulizia dizeli, kuzungusha injini kwa mkono hadi maji yote yatoke, kumwaga oili na dizeli yote, kusafisha tanki na chujio, kisha kujaza upya. Fundi mmoja akizungushwa vijijini wiki ya kwanza, akilipwa na kaunti, ataokoa fedha nyingi kuliko zitakazolipwa kwa pampu zilizovunjika. Hili liandikwe ndani ya bajeti ya dharura kama kazi, si kama mchango wa hiari.

Sehemu inayotuumiza zaidi ni orodha. Tangu 2023 wizara imeandikisha mamilioni ya wakulima katika KIAMIS, daftari lake la kidijitali la wakulima, ili wapate mbolea ya ruzuku. Daftari hilo lina jina, kitambulisho, simu, wadi, mazao na ekari. Kwa nini mafuriko yakija tunaanza daftari jipya kwa kalamu, chini ya mti, na watu wamejaa? Daftari linaloandikwa baada ya janga huvimba majina, nao waliokimbilia kambini hukosekana, kwa sababu hawapo kijijini siku ya kuandikwa. Tumieni daftari lililopo. Lakini litengenezwe kabla, kwa maana lina mapengo: anayekodi shamba mara nyingi hayumo, na aliyemo ni mwenye shamba anayeishi mjini, mjane anayelima shamba ambalo jina la marehemu mumewe halijaondolewa hayumo, ndugu watatu wanaolima ardhi moja ya urithi wamo kama mtu mmoja. Kanuni iwe kwamba analipwa aliyepanda. Mwenye kukodi athibitishwe na majirani wawili wanaopakana naye na Nyumba Kumi, wala asidaiwe hatimiliki ambayo kamwe hatakuwa nayo.

Kuhusu kutuma pesa kwa M-Pesa, tunajua zinakokwama. Tarakimu moja ya kitambulisho imeandikwa vibaya. Laini ni ya kijana wa nyumbani, na jina halilingani. Simu imezama na laini haijarudishwa. Kitambulisho kimekwenda na maji. Mtu mmoja yuko kwenye orodha ya serikali na ya shirika la misaada, na mfumo umemfuta kote kuwili. Dawa zake ni ndogo ndogo. Namba zote za vitambulisho zilinganishwe na daftari la taifa la watu kabla ya msimu, si siku ya malipo. Zitumwe shilingi 10 kwa kila namba, na jina linalorudi lilinganishwe na orodha; hitilafu zitajulikana siku hiyohiyo. Asiye na laini alipwe kwa laini ya mtu aliyemtaja mwenyewe kwa maandishi mbele ya naibu chifu. Ada ya kubadilisha kitambulisho isamehewe kwa wadi zilizotajwa. Ada ya kutoa pesa iongezwe juu ya malipo. Na vijiji visilipwe vyote siku moja: wakala wa kituo kidogo hana floti, yaani pesa taslimu, ya kulipa kaya mia sita asubuhi moja, na inapomwishia, watu hutozwa juu au hupanda boti na pikipiki kwenda mji mwingine, nusu ya pesa ikaishia nauli. Pangeni kwa siku, kata moja baada ya nyingine, na wakala waambiwe mapema.

Malipo yaliyogonga mwamba na kurudi yahifadhiwe kwenye akaunti maalumu yenye orodha ya majina hadi yatatuliwe. Yasimezwe na Juni 30.

Kwa Mkaguzi Mkuu tuna neno. Saini saba kwenye kila fomu hazizuii wizi. Huugawa tu kwa watu saba na kuchelewesha pesa wiki tano. Kinachozuia ni macho. Orodha ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na sokoni siku 7 kabla ya awamu ya pili: jina, kijiji, ekari na ngazi ya hasara. Namba ya kitambulisho na ya simu zisiwekwe, kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Baada ya kulipa, chagueni kwa bahati nasibu mmoja kati ya kila ishirini na mtembelee shamba lake. Kwa wakulima 4,000 hao ni 200, kazi ya timu nne kwa wiki moja au mbili. Aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama Sheria ya Haki katika Uamuzi wa Kiutawala ya 2015 inavyotaka, na lalamiko lake lipewe namba na siku ya kujibiwa. Leo wengi huambiwa "jina halikutoka", bila kujulishwa ni nani aliyelikataa wala kwa nini.

Hata jina la malipo lina uzito wake. Maafisa huyaita "fidia" kwenye baraza, kisha kwenye hati yanaandikwa "msaada". Mkulima aliyeambiwa fidia anangoja thamani ya shamba lote, na akipata pesa za mbegu anaamini ameibiwa. Semeni msaada tangu siku ya kwanza, na semeni kiasi chake.

Tunaomba haya manne yawe tayari kufikia mwisho wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza: waraka wa Hazina, kina cha maji cha Garissa kilichoandikwa, daftari la wadi za kando ya mto lililosahihishwa na kujaribiwa kwa zile shilingi 10, na kiasi cha awamu ya kwanza kilichosomwa hadharani kwenye mabaraza ya machifu kuanzia Bura hadi Kipini. Tuko tayari kuja Kilimo House au Hola na fomu zenyewe, tepe na kisu cha kupasulia mabua, tuwaonyeshe maafisa wenu kazi hiyo shambani kwa siku moja.

Wenu,

Wapima hasara za mazao, maafisa wa ugani na wahasibu wa malipo ya kilimo,
Nairobi